ROBERT MOFFAT: MTUNZA BUSTANI KATIKA NCHI YA UKAME

Ukitaja wamisionari katika shule zetu, kila mtu hukimbilia jina la David Livingstone. Mimi leo nataka kukusimulia habari za baba mkwe wake, Robert Moffat. Nimemchagua kwa sababu sisi tunaotoka sehemu kame twajua vizuri kwamba penye maji ndipo penye maneno.

Moffat alizaliwa mwaka wa 1795 katika kijiji cha Ormiston, Uskoti. Hakuwa msomi wa kutajika. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi alianza kujifunza kazi ya kutunza bustani. Mwaka wa 1816 Chama cha Wamisionari cha London kilimtuma Afrika ya Kusini, akafika Cape Town Januari 1817. Desemba 1819 alimwoa Mary Smith, binti ya tajiri wake wa zamani. Basi hao wawili wakashika njia kwa gari la ng'ombe hadi kwa Watswana wa ukoo wa Batlhaping, kando ya jangwa la Kalahari.

Huko mambo hayakuwa mteremko. Mvua iliadimika, mifugo ikakonda. Watu wakamwita mganga wa mvua kutoka mbali. Mganga alihangaika wee, lakini wapi! Lawama zikawaangukia wageni: eti kengele yao na sala zao zilifukuza mawingu. Wakaamriwa waondoke. Moffat akakataa katakata, akasema afadhali wamuue. Watu walipomgeukia mganga wakitaka kumwua, Moffat, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiye aliyemwombea asiuawe. Hapo mimi humvulia kofia.

Kulikuwa na ugomvi mwingine pia, wa mfereji. Wamisionari walichimba mfereji kutoka mtoni ili wanyweshe bustani zao. Kina mama wa pale nao walikuwa na mashamba yao juu, wakaukata mfereji ili maji yaingie kwao. Wageni walikuwa wakiamka usiku kwenda kuuziba kwa sepetu. Mwishowe kina mama wakakasirika, wakashika majembe, wakalibomoa boma la maji kabisa. Moffat aliwalaumu sana, lakini mimi naona walikuwa na neno: mto ulikuwa wao kabla ya mgeni kubisha hodi. Kumbe dawa haikuwa kufukuzana. Wenyeji walipoona mboga na mahindi vinastawi wakati wa kiangazi, walianza kuchimba mifereji yao wenyewe. Katika miaka ya 1820 misheni ilihamia karibu na Jicho la Kuruman, chemchemi ambayo hutoa lita zipatazo milioni 20 za maji kwa siku, hata mvua isiponyesha.

Kwa miaka mingi Moffat alihubiri kupitia kwa wakalimani, na maneno yake yakapotea njiani. Mwaka wa 1827 alikwenda kuishi na Warolong kwa majuma kadhaa ili asisikie lugha nyingine ila Kitswana. Wanachama wa Kiswahili, lugha hiyo ni ndugu ya yetu: mtu kwao ni motho, watu ni batho, na mvua ni pula, kama vile Wakamba wasemavyo mbua. Mwaka wa 1829 waumini wa kwanza wa Kuruman wakabatizwa. Mwaka wa 1830 alijifunza kupiga chapa huko Cape Town, akaleta mtambo wake Kuruman. Biblia nzima ya Kitswana ikakamilika mwaka wa 1857.

Livingstone alifika Kuruman mwaka wa 1841, na mwaka wa 1845 akamwoa Mary, binti wa Moffat. Mzee aliondoka Kuruman mwaka wa 1870, akafa Uingereza mwaka wa 1883 akiwa na miaka 87.

Alikuwa na dosari. Alizidharau mila nyingi za Watswana bila kuzichunguza sana, na hilo siwezi kulifunika kwa kawa. Hata hivyo, kazi yake ilianza kuzaa pale alipokubali kuwa mwanafunzi wa wenyeji na kushika sepetu mwenyewe. Anayetaka kuendeleza kijiji chake, na aanze kwa kujua lugha ya watu wake na mahali maji yalipo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye hana budi kusikiliza.