Adrian Atiman: Aliyekombolewa, Naye Akaukomboa Wakati

Msafiri anayeshuka kusini kwa meli kutoka bandari ya Kigoma, akiufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika, hufika Karema, ambayo leo imo katika Jimbo Katoliki la Mpanda. Hapo aliishi na kutumika kwa miaka 67 tabibu na katekista Adrian Atiman. Tunamkumbuka kwa sababu ya jambo ambalo waamini wengi hulilalamikia mbele ya mapadre wao: kwamba hawana muda wa sala, hawana muda wa Jumuiya, hawana muda wa kuwafundisha watoto imani.

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 karibu na Timbuktu, kandokando ya mto Niger, katika Mali ya leo. Akiwa bado mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa utumwani. Mwaka 1876, kusini mwa Algeria, Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walilipa fedha wakamkomboa. Walimsomesha, akabatizwa mwaka 1882, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, akampeleka kisiwani Malta kusomea utabibu. Kardinali alisadiki kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba tabibu mlei, mwenye mke na watoto, ataishi kati ya watu kwa namna ambayo mmisionari mgeni asingeiweza. Kwa maoni yetu, hapo aliona mbali kuliko wengi wa zama zake.

Mwaka 1888 Atiman alianza safari ya kuja kwetu, na mwaka 1889 aliwasili Karema. Njia za misafara kati ya pwani na ziwa ndizo zile zilizowapitisha watumwa kutoka Ujiji, na hadi leo miembe mikongwe ya Ujiji hutajwa kuwa kumbukumbu ya njia hizo. Watumwa walizifuata kuelekea pwani wakiwa wamefungwa. Kijana huyu alizifuata kutoka pwani, akiwa huru.

Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, anawahimiza waukomboe wakati. Neno la Kigiriki alilolitumia ni neno la sokoni, neno la mtu anayelipa bei ili kukitoa kitu mikononi mwa mwingine. Sisi hulisoma upesi na kulipita. Atiman hakuhitaji kufafanuliwa maana yake, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kulipiwa bei. Utoto wake uliibwa, na hakuna aliyeweza kumrudishia. Miaka iliyobaki ilikuwa yake, na aliweza kuitumia apendavyo.

Aliitumia mahali pamoja. Mwaka uleule wa 1889 alifunga ndoa na Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitawala wa Wabende, naye akawa mtu wa Karema. Dawa kutoka ng’ambo zilikuwa haba, basi akajifunza mitishamba ya wenyeji na kuitumia katika tiba. Jambo hili linastahili kuangaliwa vizuri: mtu aliyesoma Ulaya alikubali kuwa mwanafunzi tena, kando ya ziwa, kwa watu ambao hawakuwa na cheti. Kujifunza hivyo hakumalizwi kwa mwezi mmoja, wala imani haikui kwa haraka zaidi ya hapo.

Kazi zake mbili hazikutengana. Aliyesafisha kidonda ndiye aliyefundisha katekisimu, na mbele ya mgonjwa aliyekaribia kufa tabibu-katekista alikuja na dawa na Ubatizo pamoja. Wengi wetu tumezoea kumpa Mungu saa moja ya Jumapili, kisha tukaona kwamba saa za siku sita zilizobaki zinadaiwa na kazi. Wavuvi wa Kibirizi na Ujiji wanajua kwamba siku za mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa, na vyombo hukaa ufukweni. Usiku huo ni mali ya mvuvi. Wapo wanaoupeleka kwenye pombe na karata, na wapo wanaoketi na watoto wao, wakasali nao Rozari na kuwauliza walichofundishwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mwezi ni uleule kwa wote.

Wakati huo wote dunia ilikuwa ikigeuka. Wajerumani walitawala wakaondoka. Malale yalisumbua vijiji vya mwambao. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka huohuo Vita Kuu ikaanza. Wabelgiji wakaingia Kigoma mwaka 1916, kisha wakaja Waingereza. Tabibu wa Karema aliendelea kupokea wagonjwa.

Mwaka 1923 mwanawe, Yosefu, alipewa Daraja Takatifu ya Upadre, akiwa miongoni mwa mapadre wa kwanza wazalendo katika eneo hili la ziwa. Wazazi wanaosoma habari hii watajua kwamba mwito wa namna hiyo hulelewa nyumbani kwa miaka mingi, jioni baada ya jioni, na baba mwenye wagonjwa mlangoni angeweza kupata udhuru kila siku.

Kanisa na serikali vilimtunukia nishani. Adrian Atiman alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka ipatayo 90, huko huko Karema.