Allidina Visram na Watu wa Nguo

Wanafunzi wengi hulijua jina la Allidina Visram kwa sababu ya shule iliyoko Mombasa. Ni wachache, hasa huku Homa Bay na Migori, wanaojua kwamba alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na kwamba bidhaa hiyo ilizua ubishi mkubwa kandokando ya ziwa letu.

Alizaliwa Kachi, Bara Hindi, mwaka 1851. Alivuka bahari angali mtoto, akafika Bagamoyo na kumtumikia tajiri Sewa Haji Paroo. Zama hizo nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya bara. Wapagazi walibeba amerikani, kitambaa kisichopaushwa kilichofumwa hapo mwanzo Marekani, na kaniki iliyotiwa nili. Vitambaa vya fahari vilishonewa taraza ya rangi pindoni, vikaachiwa matamvua nchani. Mikono minne ilifanya shuka, minane doti. Leo doti ni jozi ya leso, nayo taraza imejificha kamusini; sioni kwa nini mwalimu wa Kiswahili asiirudishe darasani.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram aliendeleza biashara ya misafara. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, maduka yake yalikuwa yakiifuata. Kutoka Kisumu, nguo za matajiri kama yeye zilivuka Ghuba ya Winam hadi Kendu na Homa Bay, na nje ya ghuba hadi Karungu, katika Migori ya leo.

Hapo ndipo penye kisa. Kwa Kijaluo nguo ni nanga, na walioipokea pamoja na masomo ya misheni waliitwa jonanga, watu wa nguo. Jina hilo halikuwa sifa tupu. Kodi ya nyumba ilidai rupia, na duka likazidai rupia zizo hizo. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alianzisha dini ya Mumbo, ikaenea Nyanza Kusini. Wafuasi walitakiwa kuyatupa mavazi ya Kizungu na kurudia ngozi.

Wapo wanaomsifu Visram kwa kulivisha bara, na wapo wanaomlaumu kwa kulikamua. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, humsahau mteja. Mke wa Kijaluo aliyevaa chieno, ule mkia wa nyuzi uliotangaza kuwa ameolewa, hakuwa uchi akingojea jora la amerikani. Alikuwa na vazi lenye maana, na kulibadilisha kulihitaji uamuzi. Somo la historia lisilotaja uamuzi huo ni somo la dukani tu.

Visram alifariki mwaka 1916, baada ya kushikwa na homa katika safari ya biashara Kongo. Mwanawe, Abdulrasul, ndiye aliyetoa fedha za kujenga ile shule ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923. Biashara yenyewe haikudumu.