Mfungwa aliyevalisha fimbo ya biliadi ngozi

Kijana wa Rurambo ao Uvira anayepaka chaki kwenye fimbo ya biliadi ana deni kwa mfungwa mmoja wa zamani.

François Mingaud alizaliwa mwaka 1771 huko Le Cailar, kusini mwa Ufaransa, akawa kapiteni wa jeshi. Siasa ikamuingiza katika gereza la Bicêtre, Paris. Wakati ule fimbo zilikuwa mti mtupu: ukigusa mpira pembeni, inateleza tu. Mingaud ndiye anayesifiwa kwa kubandika ngozi kwenye ncha. Ngozi inashika mpira, mpira unazunguka, hata unarudi nyuma.

Akiisha kufunguliwa, alionyesha mapigo yake kwa watu, na mwaka 1827 akatoa kitabu juu yake. Alifia Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1847.

Kazi ile ingali inataka mikono. Ngozi laini inapanuka kama uyoga, ikigandamizwa, inakaza. Lakini ikikaza kupita kiasi inang’aa, inakataa chaki, na fimbo inateleza sawa zile za mbele ya Mingaud. Pale fundi anaikwaruza polepole na msasa, mchezo unaendelea.