Krapf, Mjerumani aliyepanga Kiswahili na Kiingereza katika kamusi asiyoiona

Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, hapa Bukavu vijana wengi wanakimbilia Kiingereza. Utawaona Kadutu ao Nguba na kaye mkononi: neno la Kiingereza upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande mwingine, na katikati namna ya kulitamka, sababu Kiingereza hakisomwi vile kinaandikwa. Kazi ile ya kupanga maneno ya lugha hizi mbili, mmoja wa watu wa kwanza kuifanya kwa urefu hakuwa Mwingereza wala Mswahili. Ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 kijijini Derendingen, karibu na Tübingen, mtoto wa mkulima. Alisoma kwenye shule ya misheni ya Basel, Uswisi, kisha shirika la Waanglikana wa Uingereza, Church Missionary Society, likamtuma Ethiopia. Kule hakudumu, alifungiwa njia. Januari 1844 akafika Zanzibar na bibi yake, Rosine. Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumruhusu apite, nao wakaenda kukaa Mombasa.

Mwezi wa saba mwaka ule ule, Rosine alizaa mtoto msichana. Homa ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani, Krapf mwenyewe alikuwa anaumwa. Rosine akafa, na yule mtoto akamfuata kisha muda mfupi. Waliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na kaburi lingali pale hadi leo. Mtu mwingine angepanda meli na kurudi kwao. Yeye alibaki, akaendelea na maneno.

Namna gani aliyapata? Hakukuwa diksionere ya kununua sokoni. Alikuwa anauliza watu: kadhi wa Mombasa alimsaidia, na wengine wengi pia. Majina ya walimu wale hayako kwenye jalada la kitabu, na kwangu mimi hilo ni deni. Tena, Krapf hakuwa mtu asiye na upande. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini wakati Waswahili walikuwa na maandiko yao kwa herufi za Kiarabu, na sababu moja ilikuwa kupunguza nguvu ya Uislamu. Lakini mtu yule yule ndiye aliyetuma Ujerumani hati za mashairi ya Kiswahili za herufi zile zile za Kiarabu, na huko zikatunzwa.

Matamshi yalimpa taabu. Alisikia kwa sikio la Kijerumani, akaeleza maana kwa Kiingereza, ambacho nacho hakikuwa lugha ya mama yake. Ndiyo maana aliandika Suahili. Mwezi wa kumi na mbili 1849, akiwa Ukambani, aliona mlima wenye theluji, akauliza jina, akaandika Kenia. Leo inchi nzima inaitwa kwa neno lile.

Na maneno mengine hayana mwenzake wa Kiingereza. Pale hakulazimisha: alieleza desturi, alitia methali, hata neno moja likachukua mistari mingi. Wenye kutengeneza liste za maneno kumi kwa siku, za mepesi kisha magumu, wangeshangaa.

Afya ilimshinda, akarudi Ujerumani mwaka wa 1853, akakaa Korntal. Aliota mnyororo wa vituo vya misheni toka Mombasa hadi pwani ya magharibi, maana yake kukata Afrika katikati, lakini huku kwetu hakufika. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia nyingine, na misafara ya biashara ya pembe na watumwa iliyovuka Tanganyika. Mwenzake Rebmann alibaki Rabai miaka mingi akikusanya maneno, hadi akarudi kwao kipofu.

Krapf alifanya kazi ya kamusi mpaka uzee. Tarehe 26 Novemba 1881 alikufa, watu wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka London mwaka wa 1882.

Maneno yake mengi yalikuwa ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, chenye kusema ndia pahali sisi tunasema njia, na mato pahali pa macho. Mmisionari Harry Kerr Binns aliitengeneza upya, ikatoka mwaka wa 1925. Miaka mitatu kisha, wakubwa wa serikali za Waingereza walikutana kuchagua Kiswahili kimoja cha mashule. Walikutana Mombasa kwenyewe, na wakachagua kile cha Unguja.