Mtakatifu Inyasi na Vitabu vya Mashujaa

Katika nchi ya Hispania, kwenye milima ya Wabaski, imo ngome iitwayo Loyola. Humo mwaka 1491 alizaliwa Iñigo, kitinda mimba wa watoto 13. Ndiye aitwaye leo Mtakatifu Inyasi.

Siku zile wakuu wa Hispania walipenda mno hadithi za mashujaa wa farasi. Kitabu kilichosifiwa kupita vyote ni kile cha Amadís wa Gaula, kilichopigwa chapa Zaragoza mwaka 1508. Ndani yake shujaa anapigana na majitu na zimwi la kutisha, anarogwa na mchawi Arcalaús, na taabu zote anazivumilia kwa ajili ya bibi mmoja tu, Oriana binti mfalme. Iñigo alivipenda vitabu vya namna hiyo. Naye akataka upanga, na sifa, na bibi wa kumtumikia. Akawa kijana wa kujipamba, mwepesi wa ugomvi.

Tarehe 20 Mei 1521 Wafaransa walishambulia boma la Pamplona. Risasi ya mzinga ikamvunja Iñigo mguu wa kuume. Adui wenyewe wakamtibu kwa upole, wakamrudisha kwao. Lakini mfupa uliungwa vibaya, ukavunjwa tena, naye akawa karibu kufa. Alipopona, mfupa ulitokeza chini ya goti, asiweze kuvaa viatu virefu vya fahari. Basi akaamuru ukatwe kwa msumeno! Dawa ya kuondoa maumivu haikuwapo; akakunja ngumi, akanyamaza. Msidhani alifanya hivyo kwa ajili ya Mungu: alifanya kwa ajili ya viatu.

Kitandani akaomba vitabu vya mashujaa. Nyumbani hakikuwamo hata kimoja. Akapewa Maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Alipowaza habari za bibi wake alifurahi, kisha moyo ukabaki mkavu. Alipowaza kufanya kama Fransisko na Dominiko, furaha ilibaki. Polepole akaitambua tofauti hiyo.

Hata hivyo vitabu vya zamani havikutoka kichwani mara moja. Mwaka 1522, akipanda nyumbu kwenda Montserrat, alifuatana na Mwislamu mmoja. Wakazungumza habari za Bikira Maria. Yule mtu hakukubali kwamba alibaki bikira alipozaa. Kisha akaharakisha mnyama wake, akatangulia. Iñigo akawaka moto. Katika hadithi, amvunjiaye heshima bibi wa shujaa hulipa kwa damu. Je, amfuate, amchome jambia? Au amwache? Akawaza hata akachoka. Mwisho akalegeza hatamu: nyumbu akishika njia ya kijiji alikokwenda yule mtu, atampiga; akishika njia kuu, atamwacha. Kijiji kilikuwa karibu, na njia yake pana na nzuri. Nyumbu akashika njia kuu. Hivyo uhai wa mtu uliokolewa na mnyama, kwa kuwa bwana wake hakujua bado kutofautisha heshima ya Mungu na heshima ya vitabu.

Huko Montserrat aliungama dhambi za maisha yake yote kwa siku tatu. Desturi ya mashujaa ilikuwa kukesha usiku mzima mbele ya silaha zao. Iñigo naye akakesha usiku wa tarehe 24 Machi, mara amesimama, mara amepiga magoti, lakini mbele ya altare ya Bikira Maria; akaacha hapo upanga na jambia. Nguo zake nzuri alimpa maskini, akavaa gunia. Maskini yule akakamatwa, akidhaniwa mwizi, na Iñigo aliposikia akalia machozi.

Akiwa mtu mzima alijifunza Kilatini pamoja na watoto Barcelona, akasoma Paris, akawa padri mwaka 1537. Mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu akalikubali shirika lake la Wayezuiti. Upanga ulibaki Montserrat. Mguu wa kuume ulibaki mfupi, naye akachechemea hata alipokufa Roma, tarehe 31 Julai 1556.