Tetteh Quarshie na Mbegu Chungu

Je, umewahi kuonja chokoleti? Chokoleti hutengenezwa kwa mbegu za kakao. Hebu jifunze habari za mtu aliyeipanda kakao Afrika Magharibi.

Tetteh Quarshie alizaliwa mwaka 1842 katika nchi ambayo leo ni Ghana. Kazi yake ilikuwa uhunzi. Alikwenda kufanya kazi katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho sasa huitwa Bioko, akaona jinsi kakao inavyolimwa. Aliporudi nyumbani alichukua mbegu, na mwaka 1879 akazipanda huko Mampong. Miti yake ilipozaa, wakulima wengine walipata mbegu kwake. Alifariki mwaka 1892. Baadaye nchi yake ikawa mashuhuri kwa kakao.

Sasa fikiri. Mbegu aliyoipanda Quarshie ni chungu. Ina mafuta, tena ina madini ya chuma na magnesiamu ambayo mwili wako huyahitaji. Utamu wa chokoleti hautoki katika mbegu hiyo, bali katika sukari inayotiwa kiwandani. Vijidudu vya kinywani hula sukari hiyo na kutoa tindikali. Tindikali huyeyusha sehemu ngumu ya jino, hatimaye jino hutoboka. Tena, mtu alaye sukari na mafuta kupita kiasi hunenepa na huweza kupata maradhi.

Kwa hiyo, upatapo chokoleti, kula kidogo. Kisha sukutua kinywa kwa maji, wala usilale kabla ya kupiga mswaki.