Harry Diamond: Mhandisi wa Mawimbi Yanayorudi

Katika barabara ya Powder Mill huko Adelphi, kitongoji cha jimbo la Maryland nje kidogo ya Washington, ipo maabara ya jeshi la Marekani iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Harry Diamond. Mwenyewe hakuiona. Alifariki dunia Juni 1948 akiwa na umri wa miaka 48, na maabara ilihamia Adelphi katika miaka ya 1970.

Diamond alizaliwa Urusi mwaka 1900, akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Alipohitimu uhandisi alijiunga, mwaka 1927, na taasisi ya taifa ya viwango mjini Washington. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya kuokoa roho za watu. Rubani aliyezingirwa na ukungu hakuwa na namna ya kuuona uwanja. Diamond na mwenzake Francis Dunmore wakabuni mawimbi ya redio ya kumwongoza hadi chini. Mwaka 1931 ndege ilitua kwa njia hiyo College Park, si mbali na Adelphi. Alishiriki pia kubuni kipimahewa chenye redio kinachopaa kwa puto, chombo ambacho kizazi chake hurushwa hata Dagoretti, Nairobi.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, ujuzi huohuo ukageuzwa. Akiwa na Wilbur Hinman, Diamond alitengeneza kifaa cha kulipua bomu kabla halijagusa ardhi, ili aliyejilaza handakini asisalimike.

Siri yake ni ile aliyoieleza Mwaustria Christian Doppler mwaka 1842 kuhusu nuru ya nyota. Chanzo kikikaribia, mawimbi hubanana. Kikienda mbali, hutawanyika. Redio na nuru ni za ukoo mmoja, hivyo kanuni ni ileile. Tuseme bomu linaanguka kwa mwendo wa mita 150 kwa sekunde, likirusha mawimbi milioni 100 kila sekunde. Yanayorudi kutoka ardhini huwa yameongezeka 100 tu, yaani moja katika kila milioni. Kifaa huchanganya yaliyokwenda na yaliyorudi, husikia mpigo wa tofauti hiyo, na mpigo ukipata nguvu ya kutosha, hulipua.

Hapa pana swali linalowatatiza wanafunzi wengi. Wimbi lililobanana hubeba nishati zaidi. Nyongeza hiyo imetoka wapi, ikiwa nishati haiumbwi? Kwa aliyesimama ardhini, hulipwa na mwendo wa bomu lenyewe. Kuyarusha mawimbi mbele na kuyapokea yanaporudi hulisukuma bomu nyuma, kwa nguvu ndogo mno isiyoweza kuhisiwa. Bomu hupunguza kasi kidogo, na hesabu hutimia.

Diamond aliishi miaka mitatu tu baada ya vita. Mwaka 1992 maabara ya Adelphi iliunganishwa na nyingine za jeshi, na jina lake likaacha kutumika kama jina la taasisi hiyo.